Kopo la Kupimia

Mtu anayekwenda sokoni kununua mchele huangalia mambo mawili: bei na kopo. Bei imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, na kila mpita njia huisoma. Kopo halikuandikwa kitu. Lipo kopo zima, na lipo lililobonyezwa kitako hadi kikaingia ndani, ambalo ukipimiwa makopo kumi umeondoka na manane au tisa. Wauzaji wawili wakitaja bei moja, mama mzoefu wa soko haulizi bei mara ya pili. Huinama, akalichukua kopo, akaligeuza.

Juma hili nataka tuzungumzie bidhaa isiyofanana na mchele hata chembe, lakini ambayo historia yake, tangu siku ya kwanza mpaka leo, ni historia ya kopo. Bidhaa hiyo ni kadi ya grafiki, lile bamba lenye feni linalochomekwa ndani ya kompyuta ili kuchora picha kwenye kioo. Vijana wetu wanaopenda gemu za kompyuta wanaifahamu vizuri, maana aghalabu ndicho kifaa cha ghali kuliko vyote katika mashine ya gemu. Kwa kijana wa Dar es Salaam au Nairobi, kuipata kadi ya maana ni jambo la kudunduliza miezi mingi, na akichagua vibaya hana mahali pa kuirudisha. Ndiyo maana swali lake ni lile lile kila mwaka: kati ya kadi hii na ile, ipi ina nguvu zaidi, na ipi inastahili fedha yangu?

Swali linaonekana jepesi. Chukua kadi mbili, zipime, gawanya bei kwa kipimo, umemaliza. Walakini tuulize kwanza ni nani aliyeshika kopo.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, nieleze kidogo. Picha ya gemu haikuhifadhiwa mahali kama picha ya sinema. Huchorwa upya kila mara, palepale, kwa maelfu na mamilioni ya pembetatu ndogo ndogo zinazounganishwa kuwa ukuta, mti au uso wa mtu, kisha zikapakwa rangi na mwanga. Picha moja iliyokamilika huitwa fremu. Kadi ikiweza kuchora fremu 60 kwa sekunde, macho huona mwendo laini. Zikipungua chini ya 30, mchezo huanza kukwamakwama, na adui amekupiga risasi kabla hujageuka. Basi tangu zamani nguvu ya kadi imehesabiwa kwa fremu kwa sekunde, na hiyo namba ndiyo iliyotajirisha makampuni na kuyaua.

Mwaka 1994, katika mji wa San Jose huko California, watu watatu waliopata kufanya kazi katika kampuni ya Silicon Graphics, nao ni Ross Smith, Scott Sellers na Gary Tarolli, walianzisha kampuni wakaiita 3dfx. Silicon Graphics ilikuwa ikitengeneza mashine za kuchora picha za aina hiyo, lakini zilikuwa za bei ya maelfu mengi ya dola, mali ya maabara na watengeneza sinema. Nia ya hawa watatu ilikuwa kuuteremsha uwezo huo hadi kwa mtu wa kawaida. Mwaka 1996 bei ya chipu za kumbukumbu iliporomoka, na kadi zenye chipu yao ya Voodoo zikaweza kuuzwa kwa takriban dola 300.

Haikuwa hata kadi kamili. Kazi za kawaida za kompyuta, kama kuandika barua, ilikuwa haiziwezi, ikabidi ikae pamoja na kadi nyingine ya kawaida, zikaunganishwa kwa waya kwa nyuma. Katika kadi moja ya namna hiyo, gemu ilipoanza ulisikia swichi ndogo ikilia ndani ya kompyuta, ta!, Voodoo ikapokea usukani. Lakini ilipopokea, hapakuwa na mfano wake madukani.

Mwaka huo huo wa 1996 kampuni ya id Software ya Texas ilitoa gemu iitwayo Quake, na mapema mwaka 1997 ikatoka namna yake iliyochorwa kwa kadi kama Voodoo. Ndani ya Quake mlikuwa na amri ndogo iitwayo timedemo. Ukiiandika, gemu iliurudia mchezo uliokwisha rekodiwa, kwa kasi yote ambayo mashine iliiweza, na mwishoni ikakupa namba ya fremu kwa sekunde. Mtu wa Ulaya na mtu wa Marekani waliweza kupima mashine zao kwa mchezo ule ule, hatua kwa hatua, wakalinganisha. Magazeti ya kompyuta yaliipokea amri ile kwa furaha, na ni haki yao. Sasa mnunuzi alikuwa na kopo.

Angalieni lakini udhaifu uliokuwamo tangu mwanzo. Mchezo uliorekodiwa ni ule ule siku zote. Kila kona ya njia inajulikana kabla. Ni kama mtihani ambao maswali yake hayabadiliki mwaka hadi mwaka, na mwalimu anayefundisha anayo nakala mfukoni. Jambo hilo lilikaa kimya kwa miaka kadhaa, kisha likalipuka. Tutalifikia.

Mshindani aliyeiangusha 3dfx alikuwa NVIDIA, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1993 na Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem. Wanaoitaja leo hudhani ilizaliwa tajiri. La hasha. Kadi yake ya kwanza, NV1 ya mwaka 1995, ilichora kwa maumbo yaliyopinda badala ya pembetatu, na Microsoft ilipochagua pembetatu kuwa njia ya Windows, kadi ile ikawa haina soko. Kampuni ilipunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi na ikakaribia kufilisika. Ikanusurika kwa kadi ya RIVA 128, iliyotoka Agosti 1997 na kuuza chipu milioni moja katika miezi minne. RIVA 128 ilikuwa na kasi nzuri kwenye vipimo na ilifanya kazi zote mbili, ya gemu na ya ofisi. Picha zake lakini zililalamikiwa kwamba si safi kama za Voodoo. Kwenye jedwali la namba usafi wa picha hauna safu yake, na RIVA ikauzwa.

3dfx ilijibu mwaka 1998 kwa Voodoo2. Mwenye fedha aliweza kununua mbili akazifunga pamoja, zikagawana mistari ya picha, hii ikachora mmoja na ile unaofuata. Zilikuwa siku za fahari. Pengine fahari hiyo ndiyo iliyoifanya 3dfx, mwishoni mwa mwaka huo, itangaze kuinunua STB, kampuni ya kuunganisha kadi iliyokuwa na kiwanda huko Juárez, Meksiko. Kabla ya hapo 3dfx iliuza chipu tu, na makampuni mengine kama Diamond na Creative yakaunganisha kadi na kuzitia majina yao. Sasa ilitaka kuunganisha na kuuza yenyewe. Wateja wake wa jana waligundua kwamba wamekuwa washindani wake, nao wakahamia kwa NVIDIA. Nimesoma maelezo mengi juu ya kifo cha 3dfx yanayozungumzia teknolojia, lakini kwangu mimi uamuzi huu wa kibiashara ulikuwa mzito kuliko chipu yoyote.

Hata hivyo ugomvi wa kopo ulikuwapo pia, na una mafunzo. Mwaka 1999 3dfx ilileta Voodoo3, kadi ya kasi sana, lakini iliyochora gemu kwa rangi 65,536 tu. TNT2 ya NVIDIA iliweza rangi zaidi ya milioni 16. 3dfx ikasema: mchezaji anataka kasi, na TNT2 ikiwashwa rangi zake zote hupungua kasi. Ulikuwa ukweli. NVIDIA ikasema gemu za kesho zitadai rangi zote. Nao ulikuwa ukweli. Ikawa si swali tena la nani kashinda mbio, bali mbio zipi zikimbiwe. Kwa gemu za mwaka ule naona 3dfx ilikuwa na haki. Lakini mnunuzi hanunui kadi ya mwaka mmoja, na yule aliyedunduliza ndiye asiyeweza kuipuuza kesho.

Mwaka huo huo NVIDIA ilifanya jambo ambalo wafanyabiashara wangepaswa kulisoma darasani. Ilitoa kadi ya GeForce 256, iliyochukua ndani ya chipu yake hesabu za umbo na mwanga zilizokuwa zikifanywa na ubongo mkuu wa kompyuta. Ilikuwa hatua ya kweli. Lakini haikuishia hapo. Iliitangaza kuwa ndiyo GPU ya kwanza duniani, na ikaeleza yenyewe GPU ni nini: chipu moja yenye uwezo huo wote, inayoweza kushughulikia maumbo yasiyopungua milioni 10 kwa sekunde. Yaani mshonaji alitangaza shindano la mavazi, akaandika sharti kwamba vazi liwe na vifungo vinane, naye ndiye mwenye vazi la vifungo vinane. Leo kila mtu anatumia neno GPU bila kukumbuka lilitangazwaje.

3dfx ilichelewa. Voodoo5 yenye chipu mbili ilifika mwaka 2000, na ile ya chipu nne, Voodoo5 6000, iliyohitaji umeme wa pembeni kutoka ukutani, haikuwahi kuuzwa madukani. Desemba 2000 kampuni ilitangaza kuiuzia NVIDIA mali zake za kitaalamu, kwa dola milioni 70 taslimu pamoja na hisa, na mwaka 2002 ikaomba kufilisiwa mahakamani. Watu walionunua Voodoo5 kwa dola 300 siku chache kabla walibaki na kadi isiyo na mwenyewe. Hapakuwa na draiva mpya kutoka kiwandani. Draiva, kwa wasiojua, ni ile programu inayoiendesha kadi, na gemu mpya ikitoka huhitaji draiva mpya. Wapenzi wa kadi zile walijiandikia draiva wao wenyewe kwa miaka. Jedwali lipi la fremu kwa sekunde lingemwonya mnunuzi wa Novemba 2000?

Uwanja ukabaki na wawili. Wa pili alikuwa ATI wa Kanada, kampuni ya tangu mwaka 1985. Na hapa, ndugu wasikilizaji, ndipo lilipotokea lile nililoahidi.

Oktoba 2001 ATI ilitoa Radeon 8500. Kipimo kikuu cha wakati ule kilikuwa Quake III, mjukuu wa ile Quake ya kwanza. Tovuti ya Kimarekani ya HardOCP ilifanya jaribio dogo lililohitaji akili kuliko vyombo. Ilichukua programu ya gemu hiyo na kubadilisha jina lake, kila penye neno Quake pakawa Quack, maana yake sauti ya bata. Hakuna kingine kilichoguswa. Gemu ikawa ile ile, kadi ile ile, lakini kasi ikashuka, na picha za kuta zikawa safi zaidi. Ikadhihirika kwamba draiva ilikuwa ikitafuta jina la gemu, na ikiliona inapunguza ubora wa picha kimyakimya ili namba ipande. ATI ilijitetea kwamba si kosa kuitengenezea draiva gemu inayopendwa na wengi, na baadaye ikatoa draiva mpya iliyorudisha picha zake.

Nisiwaonee. Kuirekebisha draiva kwa ajili ya gemu fulani si dhambi, makampuni yote hufanya hivyo na mchezaji hufaidika. Fundi cherehani akijua vipimo vyako anakushonea suti inayokukaa. Mpaka uko pale kitambaa kinapobadilishwa na mteja hakuambiwa.

Agosti 2002 ATI ikarudi kwa heshima. Radeon 9700 Pro ya dola 399 iliipita kila kadi ya NVIDIA, na sehemu kubwa ya usanifu wake ulitokana na wahandisi wa ArtX, kampuni ndogo ambayo ATI iliinunua mwaka 2000. NVIDIA ilijibu mapema 2003 kwa GeForce FX 5800 Ultra, ambayo feni yake ilivuma kiasi cha kufananishwa na mashine ya kufyonza vumbi. NVIDIA wenyewe walitengeneza filamu ya utani kuhusu kelele hizo. Lakini kuhusu namba hawakuwa na utani.

Februari mwaka huo kampuni ya Futuremark ya Ufini ilikuwa imetoa programu ya kupimia iitwayo 3DMark03. Haikuwa gemu. Ilikuwa kipimo kitupu: kamera ilipita njia iliyopangwa katika mandhari kadhaa, na mwishoni ukapewa alama. Alama hizo ziliandikwa kwenye makala za magazeti na matangazo, na wauza kompyuta wakubwa walizitazama walipoagiza kadi kwa wingi. NVIDIA ilikuwa imejitoa katika mpango wa wanachama wa Futuremark, ikilalamika kwamba kipimo hakifanani na gemu halisi. Lalamiko hilo lilikuwa na hoja ndani yake. Bahati mbaya lilifuatiwa na jambo lililoliharibia heshima.

Wanachama wa Futuremark walikuwa na programu ya namna ya pekee, ambayo kamera yake mtu aliweza kuisimamisha na kuitoa njiani. Jarida la ExtremeTech lilikuwa miongoni mwao. Mei 2003 waandishi wake waliitoa kamera njiani, kwenye kadi ya NVIDIA, wakaona mandhari yakipasuka: anga limekatika, vipande havijafutwa, mahali fulani hapakuchorwa kitu. Ukibaki kwenye njia iliyopangwa, kila kitu kizuri. Ukitoka hatua moja pembeni, ni kama seti ya maigizo iliyotazamwa kutoka nyuma. Draiva ilikuwa imeandikwa kwa kujua kamera itapita wapi, na ilikuwa haisumbuki kuchora kisichoonekana kutoka hapo. Maswali ya mtihani yalikuwa mfukoni.

Futuremark ikarekebisha programu yake ili draiva isiitambue. Alama za GeForce FX 5900 Ultra zikashuka kwa asilimia 24.1. Kadi ya ATI nayo ikashuka, kwa asilimia 1.9, na ATI ikakiri kuwa ilikuwa na marekebisho yake na kuahidi kuyaondoa. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Juni, Futuremark na NVIDIA wakatoa taarifa ya pamoja. Safari hii maneno yalikuwa laini. Iliyokuwa ikiitwa udanganyifu sasa ikawa ni marekebisho kwa ajili ya programu maalumu. Kampuni ndogo ya Ufini ilikuwa imelishika kopo mbele ya jitu la California, na kila mtu akaelewa kwa nini sauti imeshuka.

Robo nzima ya alama! Mtu aliyelipa zaidi kwa ajili ya alama hizo alikuwa amenunua robo ya hewa. Mchezaji wa kawaida hachezi 3DMark. Anacheza gemu, na katika gemu kamera huenda atakako yeye.

Miaka iliyofuata naipita haraka. AMD iliinunua ATI mwaka 2006. Mwezi wa Juni 2008 NVIDIA ilitoa GTX 280 kwa dola 649 na GTX 260 kwa dola 399, na mwezi huo huo AMD ikatoa Radeon HD 4870 kwa dola 299, yenye nguvu za kukaribiana na hiyo ya 399. Katika wiki chache NVIDIA ilishusha GTX 280 hadi dola 499 na GTX 260 hadi 299. Ni moja ya nyakati chache ambazo hesabu ya kugawanya bei kwa fremu ilimlinda mnunuzi moja kwa moja, kwa kuwa palikuwa na washindani wawili wenye nguvu na vipimo ambavyo watu waliviamini.

Lakini hata kipimo kisicho na hila kinaweza kukuficha jambo. Septemba 2011 Scott Wasson wa jarida la The Tech Report aliandika makala iliyobadilisha kazi nzima ya upimaji. Hoja yake ilikuwa nyepesi: wastani hauonyeshi kilichotokea ndani ya sekunde. Ukiambiwa daladala ilikwenda kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa, hujaambiwa kama mlikaa robo saa njia panda halafu dereva akafidia kwa kukimbia. Kadi inayotoa fremu 60 kwa sekunde ingetakiwa kutumia milisekunde 16 na kitu kwa kila fremu. Ikitumia kumi kwa nyingi na mia moja kwa chache, wastani utapendeza na macho yatateseka. Wasson akaanza kuhesabu muda wa kila fremu peke yake. Kadi kadhaa za AMD ziliumbuka kwa kipimo hicho, na mwaka 2013 kampuni ikaanza kutoa draiva za kuondoa mikwamo. Baadaye Wasson aliajiriwa na AMD hiyo hiyo. Mpima mchele alichukuliwa ghalani.

Kisha vikaja visa vya lebo. Septemba 2014 NVIDIA ilitoa GTX 970 kwa dola 329, ikasema ina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Januari 2015 ikabainika kwamba nusu gigabaiti ya mwisho ilikuwa na mwendo wa pole kuliko nyingine, na kwamba sehemu nyingine mbili za maelezo ya kiufundi hazikuwa sahihi. Kampuni ilisema ni kutoelewana kati ya wahandisi na watu wa masoko. Kesi ilimalizwa mwaka 2016 kwa mapatano ya dola 30 kwa kila kadi, kwa wanunuzi wa Marekani. Kuna waliosema kadi ilibaki na kasi ile ile iliyopimwa siku ya kwanza, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa. Sikubaliani nao. Aliyenunua lita nne hakununua kasi ya kunywa.

Mwaka 2016 GTX 1060 ikauzwa kwa jina moja ikiwa na gigabaiti 3 au 6, na ile ya 3 ilikuwa imepunguzwa pia vichakataji ndani yake, toka 1,280 hadi 1,152. Septemba 2022 ikatangazwa RTX 4080 ya aina mbili, moja ya gigabaiti 12 kwa dola 899, ambayo kwa kweli ilikuwa kadi nyingine kabisa yenye chipu nyingine. Kelele zilikuwa kubwa hata kampuni ikaiondoa kabla haijafika dukani, kisha Januari 2023 ikairudisha kwa jina la RTX 4070 Ti na bei ya dola 799. Jina peke yake lilikuwa na thamani ya dola 100.

Na bei nayo, ambayo tulidhani ndiyo upande wa wazi wa hesabu, iliharibika. Mwaka 2021 kadi za grafiki zilikuwa zikinunuliwa kwa wingi na wachimbaji wa fedha za mtandaoni. RTX 3080, iliyotangazwa mwaka 2020 kwa dola 699, ikawa inauzwa na walanguzi mara mbili ya hiyo. Majarida yaliendelea kuchapisha majedwali ya thamani kwa bei ya kiwandani, bei ambayo mnunuzi hakuiona kokote. Sisi wa huku tulikuwa tumeizoea hali hiyo zamani. Bei ya dola inayosomwa kwenye jukwaa la California haina nauli ya meli au ndege ndani yake, wala ushuru, wala faida ya mikono mitatu minne inayopitisha mzigo hadi dukani. Kadi mbili zinazopishana dola 50 kule zinaweza kulingana hapa, au zikapishana mara tatu ya hapo, kwa sababu tu moja imeletwa kwa wingi na nyingine kwa begi la msafiri. Anayefanya hesabu ya thamani aifanye kwa bei ya duka analosimama ndani yake.

Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kutumia uchimbaji wa kadi, na kadi zilizokwisha tumika zikafurika sokoni ulimwenguni. Pamoja nazo ziliendelea kuzunguka zile za bandia, ambazo ni kisa cha kopo kwa maana halisi kabisa. Kadi kuukuu, kama GTS 450 ya mwaka 2010, huandikwa upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Ukiiwasha, Windows inakusomea jina la uongo. Wizi huu ulienea hata mwaka 2018 programu ya GPU-Z, ambayo ni ya bure, ikaongezewa uwezo wa kuzitambua baadhi ya kadi hizo kwa kusoma chipu yenyewe badala ya jina. Anayenunua kadi ya mkononi mwa mtu aiwashe kwanza mbele ya muuzaji, aisome kwa programu hiyo, kisha acheze gemu nzito kwa dakika ishirini akisikiliza feni. Muuzaji anayekataa amekwisha jibu.

Tuje karibu. Januari 2025, jijini Las Vegas, Jensen Huang alipanda jukwaani akatangaza kwamba RTX 5070 ya dola 549 itatoa nguvu za RTX 4090, kadi iliyoanza kuuzwa mwaka 2022 kwa dola 1,599. Ukumbi ulishangilia. Siri ilikuwa kwenye neno fremu. Kadi za siku hizi zina uwezo wa kubuni fremu: zinachora moja kwa hesabu kamili, kisha akili ya kompyuta inakisia nyingine za kupachika katikati. Mwendo kwenye kioo unalainika kweli, lakini fremu hizo za kukisia hazijui kidole chako kimebonyeza nini. Wapimaji walipoipata kadi mwezi Machi na kuzima ukisiaji huo, waliiona ikikaribiana na RTX 4070 Super ya mwaka uliotangulia, na RTX 4090 ikiwa mbali mbele. Fremu kwa sekunde, ile namba ya Quake ya mwaka 1996, ilikuwa bado inaandikwa vile vile, ila kilichomo ndani yake kilikuwa kimebadilika.

Aprili mwaka huo RTX 5060 Ti ilikuja na jina moja kwa gigabaiti 8 na 16, dola 379 na 429, na mwezi Juni AMD ikafanya vivyo hivyo kwa RX 9060 XT, dola 299 na 349. Katika gemu zinazojaza gigabaiti 8, pengo kati ya ndugu hao wawili ni kubwa kuliko dola 50. Kati yao kulikuwa na RTX 5060 ya kawaida, ya dola 299, iliyoanza kuuzwa tarehe 19 Mei 2025. Majarida machache yaliyochaguliwa yalipewa draiva mapema, kwa masharti ya gemu zipi zipimwe na kwa mipangilio ipi, ikiwamo ile ya fremu za kukisia. Wapimaji wengine walisubiri draiva hadi siku ya kuuzwa. Wakaipata, wakaanza kupima usiku ule, na majedwali yao yakatoka wakati kadi zimekwisha kuwa mikononi mwa watu.